Sauti Nzuri Sebuleni kwa Fedha Kidogo

Maswali na majibu ya wasomaji

Mwezi huu maswali mengi yaliyotufikia yanahusu spika za kutazamia filamu nyumbani na risiva, yaani chombo chenye amplifaya kinachopokea sauti na kuzigawa kwenye spika, na karibu yote yameandikwa na watu wenye akiba ndogo waliochanganywa na maneno ya madukani. Tumechagua matano. La kwanza tumelijibu kwa kirefu kwa sababu majibu ya mengine yanaliegemea.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa sekondari mjini Morogoro. Nimeweka akiba ya shilingi 1,500,000 ili niachane na spika za televisheni, ambazo sauti yake ni nyembamba kama ya redio ya mkononi. Sebule yangu ina urefu wa meta 5 na upana wa meta 4. Dukani nimeoneshwa seti ya hom thieta iliyo ndani ya kasha moja, yenye spika tano na sabufa, na kasha limeandikwa wati 1,000. Muuzaji mwingine ananishauri nichukue risiva iliyotumika, ya wati 70 kwa kila chaneli, kisha nitafute spika zake. Fundi wa mtaani kwetu anasema wati 70 ni za watoto. Sisi hutazama taarifa ya habari, tamthilia na mpira kupitia king'amuzi, na mwishoni mwa juma tunatazama filamu kwa intaneti. Ninunue kipi?
Mwalimu, Morogoro

JIBU: Mwalimu, chukua risiva na spika za kujitegemea, na usinunue kila kitu kwa siku moja. Nitaanzia kwenye hizo wati, kwa sababu ndizo zilizomfanya fundi wako aidharau risiva ambayo pengine ni bora kuliko vyote ulivyooneshwa.

Namba ya wati haina maana mpaka uambiwe ilipimwaje: chaneli ngapi (yaani njia za sauti, kila moja na spika yake) zilikuwa zikifanya kazi kwa wakati mmoja, kwa masafa yapi ya sauti, za chini hadi za juu, yanayohesabiwa kwa hezi, kwa spika yenye ukinzani wa umeme wa omu ngapi, na sauti ilikuwa imeharibika kwa asilimia ngapi. Mtengenezaji mwangalifu ataandika kwamba risiva yake hutoa wati 70, chaneli mbili zikifanya kazi pamoja, kuanzia hezi 20 hadi hezi 20,000, kwenye omu 6, huku uharibifu wa sauti ukiwa chini ya asilimia 0.1. Risiva hiyohiyo ikipimwa kwa chaneli moja tu, kwa mlio mmoja wa hezi 1,000, na sauti ikiachwa iharibike kwa asilimia 10, itaandikwa wati 130, na hakuna hata skrubu moja iliyoongezwa ndani yake. Udanganyifu wa namna hii ni wa zamani. Huko Marekani ulifikia kiwango ambacho mwaka 1974 serikali ilitoa kanuni ya jinsi nguvu za amplifaya zinavyopaswa kutangazwa. Kwenye makasha ya bei nafuu utakuta pia herufi PMPO zikifuatwa na maelfu ya wati. Namba hiyo ipuuze kabisa, kwa kuwa haina njia moja ya kupimwa inayokubalika.

Ukitaka kujua ukweli, geuza chombo utazame kibandiko cha nyuma kinachotaja umeme unaotumika. Seti inayotumia wati 80 kutoka ukutani haiwezi kutoa wati 1,000 mfululizo kwenye spika, kwa sababu hakuna amplifaya inayozaa nguvu kuliko iliyopewa. Risiva ya wati 70 uliyooneshwa huenda ikawa imeandikwa kwamba inatumia wati 250 au zaidi, na ukiinyanyua utahisi uzito wa kilo 7 hadi 10, mwingi ukiwa wa transfoma na vyuma vya kupozea joto. Uzito huo ni ushahidi mzuri kuliko maandishi ya kwenye kasha.

Zaidi ya hayo, sikio la binadamu halihesabu wati kama tunavyohesabu shilingi. Ukizidisha wati mara mbili, sauti hupanda desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), tofauti ambayo mtu huisikia lakini haimshtui. Ili isikike kuwa kubwa maradufu inabidi ipande takriban desibeli 10, yaani wati zizidishwe mara kumi. Kati ya risiva ya wati 70 na ile ya wati 100 tofauti ni desibeli moja na nusu. Kwa upande mwingine, spika mbili zinaweza kutofautiana kwa desibeli 3 au 4 zikipewa umeme uleule, na jambo hili huandikwa kwenye karatasi ya maelezo ya spika: desibeli ngapi kwa wati moja ukiwa umbali wa meta moja. Spika ya desibeli 90 inahitaji nusu tu ya wati zinazohitajiwa na spika ya desibeli 87 ili zilingane. Katika sebule kama yako, ukikaa meta 3 kutoka kwenye spika, taarifa ya habari na tamthilia hutumia wati moja au pungufu. Zilizobaki ni akiba ya mlipuko wa bomu na kishindo cha ngoma. Kwa hiyo wati 70 za kweli zinakutosha, na unaweza kumweleza fundi wako hivyo kwa heshima.

Seti ya kasha moja ina kasoro nyingine ambayo mnunuzi huigundua akiwa amekwisha kulipa. Spika zake mara nyingi zimetengenezwa kwa omu 3 au 4 na plagi za aina yake peke yake, hivyo amplifaya ikifa huwezi kuzihamishia kwenye risiva nyingine bila wasiwasi, na spika ikipasuka hupati ya kuziba pengo lake. Risiva na spika za kujitegemea zinatenganishika. Miaka mitano ijayo ukipata fedha utabadilisha kimoja, na kilichobaki kitaendelea kukuhudumia. Spika nzuri iliyotunzwa hudumu miaka ishirini na zaidi, ilhali risiva huzeeka kila televisheni zinapobadilika. Ndiyo maana fedha nyingi napenda ziende kwenye spika.

Akiba hiyo ingekuwa yangu, ningetenga shilingi 800,000 kwa spika mbili za mbele, shilingi 500,000 kwa risiva iliyotumika, na shilingi 200,000 kwa waya, kifaa cha kulinda umeme na vijiti vya kusimamishia spika, ambavyo seremala wa jirani anaweza kuvitengeneza vizuri kuliko vile vya dukani. Ndiyo, spika mbili tu kwa kuanzia. Matangazo mengi unayoyapata kwa king'amuzi yana sauti ya chaneli mbili, kwa hiyo spika za nyuma zingekaa kimya au zingepewa sauti ambayo risiva imeibuni yenyewe. Ukiiambia risiva kwenye mipangilio yake kwamba huna spika ya kati, itagawa mazungumzo sawasawa kushoto na kulia, na mtu aliyekaa katikati atayasikia yakitoka kwenye televisheni kana kwamba spika ya kati ipo. Baada ya hapo ongeza spika ya kati ya kampuni ileile na toleo lilelile, ili sauti ya mtangazaji isibadilike rangi anapovuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Inayofuata ni sabufa, na za nyuma ziwe za mwisho. Wengi hufanya kinyume: hununua tano mbovu siku moja, na hawapati nafasi ya kuonja hata moja nzuri.

Neno sabufa nalo linahitaji kuwekwa sawa, kwa kuwa madukani kwetu limekuwa jina la seti nzima yenye spika mbili ndogo na kasha kubwa la katikati. Ninapolitumia hapa namaanisha spika ya besi peke yake, yenye amplifaya yake ndani, ambayo hupokea kutoka kwenye risiva sauti za chini tu. Kwenye filamu ndiyo inayobeba chaneli ya besi inayoandikwa .1 katika 5.1, yaani mpango wa spika tano na sabufa moja. Spika zako za mbele zikiwa na wufa (koni inayotoa sauti za chini) ya inchi 5 hadi 6 na nusu, muziki na taarifa ya habari vitakwenda vizuri bila sabufa kwa mwaka mmoja au miwili.

Katika kuchagua spika hizo, majina ya kampuni kama Wharfedale, JBL, Polk na Sony yanaweza kukupa pa kuanzia, mradi uchunguze kwa makini herufi zake, maana sokoni yapo majina yaliyobadilishwa herufi moja. Lakini mwamuzi wa mwisho ni sikio lako. Nenda na simu yenye rekodi tatu unazozijua kwa moyo: sauti ya mtu anayezungumza, wimbo wa taarabu au wa dansi ambao kila ala unaijua ilipo, na kipande cha filamu. Sikiliza sauti ya binadamu kwanza. Ikitoka puani au kifuani kupita kawaida, usitarajie kwamba utaizoea, kwa kuwa sauti ya binadamu ndiyo utakayoisikiliza kila jioni. Gonga ubavu wa kasha kwa kifundo cha kidole. Kasha zuri hujibu kwa mlio mfupi na mzito, na kasha duni hulia kama debe. Unapolinganisha spika mbili, msihi muuzaji azilinganishe kwa ukubwa uleule wa sauti, kwa sababu ile inayolia kidogo zaidi huonekana bora kila mara, na wauzaji wazoefu wanalijua hilo.

SWALI: Mhariri, sisi tuko Mombasa, nyumba ya ghorofa. Mume wangu alinunua risiva na spika tano, na bado hatusikii wanachosema watu kwenye filamu. Tukiongeza sauti, mlipuko ukitokea mtoto anaamka na jirani anagonga ukuta. Je, risiva ni mbovu?
Mama wa watatu, Mombasa

JIBU: Mama, pole kwa usingizi wa mtoto. Risiva yenu yaelekea ni nzima. Ninashuku chumba, na baada ya chumba, mahali ilipowekwa spika ya kati.

Simama katikati ya sebule upige kofi moja. Ukisikia mlio mkavu unaoendelea kwa muda mfupi baada ya kofi, kama mtu anayetikisa bati kwa mbali, basi sauti inarukaruka kati ya kuta. Nyumba zetu nyingi zina kuta za matofali ya saruji, sakafu ya vigae na madirisha makubwa ya kioo, na vyote hivyo hurudisha sauti karibu yote. Neno linalotamkwa na mwigizaji hufika sikioni mara moja kutoka kwenye spika, kisha hufika tena na tena likiwa limechelewa kidogo kutoka sakafuni, ukutani na darini, na konsonanti, ambazo ndizo zinazotufanya tutofautishe neno na neno, humezwa na mwangwi huo. Mtu anapoongeza sauti huongeza na mwangwi, kwa hiyo hapati nafuu.

Dawa yake haihitaji duka la vifaa vya umeme. Tandikeni zulia nene kati ya spika na viti, hapohapo sauti inapogonga sakafu kabla ya kuwafikia. Wekeni mapazia mazito yenye mikunjo mingi na myafunge wakati wa filamu. Makochi ya kitambaa hunyonya sauti kuliko ya ngozi, na kabati la vitabu lililojaa vitabu vya ukubwa mbalimbali huivunjavunja vizuri kuliko ukuta mtupu. Nimeona sebule iliyokuwa ikisikika kama ukumbi wa mtihani ikitulizwa kwa zulia moja na mapazia mawili, na wenyewe wakadhani spika zimebadilishwa. Msitegemee tu kwamba pazia litapunguza besi. Wimbi la hezi 80 lina urefu wa zaidi ya meta 4, nalo hupita kwenye kitambaa kama upepo unavyopita kwenye chandarua. Ndilo linalomfikia jirani yenu.

Kisha itazameni spika ya kati. Mara nyingi huwa imesukumwa ndani kabisa ya rafu chini ya televisheni, ikizungumza na magoti ya watu. Ivuteni mpaka uso wake ulingane na ukingo wa rafu, na mwekee kipande cha mbao chini ya sehemu ya mbele ili iinuke kuelekea masikioni. Spika za kushoto na kulia zisogezwe ili pembe kati ya kila moja na mstari wa katikati, mkiwa mmekaa kwenye viti vyenu, iwe kati ya nyuzi 22 na 30. Za nyuma ziwe kando yenu na nyuma kidogo, nyuzi 110 hadi 120 kutoka mbele, juu kidogo ya masikio. Halafu ingieni kwenye mipangilio ya risiva, mpandishe spika ya kati peke yake kwa desibeli 2 au 3. Risiva nyingi pia zina mpangilio wa usiku unaobana tofauti kati ya sauti ndogo na kubwa, kiasi kwamba mnong'ono unapandishwa na mlipuko unateremshwa. Huo umetengenezwa kwa ajili ya mtoto aliyelala.

Kama kwenye kasha la risiva kulikuwa na kipaza sauti kidogo chenye waya mrefu, msikitupe. Kiwekeni mahali mnapokaa, kwa kimo cha masikio, mwashe upimaji, nanyi mtoke chumbani au mkae kimya. Risiva itapiga milio kwenye kila spika na kujipangia umbali na ukubwa wa sauti yenyewe. Yamaha huuita upimaji huo YPAO, Denon hutumia Audyssey, Pioneer ina MCACC na Sony ina DCAC, na kila kimoja kinahitaji kipaza sauti chake. Kama kimepotea, chukueni futi ya fundi mpime umbali wa kila spika hadi kitini, mwandike kwenye mipangilio, na kama mna sabufa mseme kwamba spika zenu ni ndogo, mpaka wa besi ukiwa hezi 80, ili sauti zilizo chini ya hapo ziende kwenye sabufa.

Kuhusu sabufa, kama mnayo, na ukuta wa jirani, iondoeni kwenye kona. Kona huongeza besi kwa nguvu, na mara nyingi huongeza noti moja tu inayovuma. Iinueni pia kutoka sakafuni kwa kipande cha godoro la sponji. Kufanya hivyo hakuzuii yote, lakini jirani atapata nafuu.

SWALI: Kaka yangu anaishi Marekani na anataka kuniletea risiva aliyoitumia mwenyewe. Hapa Zanzibar pia kuna duka linalouza risiva kutoka Japani kwa bei nafuu sana. Nichukue ipi?
Msomaji, Unguja

JIBU: Kabla ya kuchukua yoyote, soma kibandiko cha nyuma. Umeme wetu ni volti 230, hezi 50. Umeme wa Marekani ni volti 120, hezi 60, na wa Japani ni volti 100. Risiva iliyotengenezwa kwa volti 100 ikichomekwa kwenye soketi yetu hupata zaidi ya mara mbili ya inachostahimili. Mimi mwenyewe, miaka kadhaa iliyopita, nilinunua risiva ya Japani kwenye duka la vitu vilivyotumika, nikaambiwa imekwisha kubadilishwa iwe ya umeme wa kwetu, nami sikuigeuza kusoma nyuma. Ilichukua sekunde chache harufu ya kuungua ikajaa chumbani, na transfoma yake haikupona. Tangu siku hiyo sichomeki kitu ambacho sijasoma kibandiko chake, na nakuomba nawe ufanye hivyo.

Vyombo hivyo vinaweza kutumika kwa transfoma ya kushusha umeme, lakini ihesabu katika bei. Kama risiva inatumia wati 250, tafuta transfoma ya wati 500, na iwe ya volti sahihi: ya 120 kwa ile ya Marekani, ya 100 kwa ile ya Japani. Kuna tofauti nyingine ambayo watu hawaitaji. Japani yenyewe ina hezi 50 upande wa mashariki na hezi 60 upande wa magharibi, hivyo vyombo vyake hutengenezwa kuvumilia zote mbili. Ya kaka yako huenda imeandikwa hezi 60 pekee, na transfoma ya ndani iliyokusudiwa hezi 60 hupata joto zaidi kwenye hezi 50. Redio nayo ina mambo yake. Yeyote aliyenunua gari kutoka Japani anajua kwamba redio yake haipandi hadi stesheni zetu nyingi, na redio iliyomo kwenye risiva ya huko ina tabia hiyohiyo.

Kwa maoni yangu, ukiwa na ndugu Muscat au Dubai, mwombe yeye. Oman na Falme za Kiarabu zina volti 230 hadi 240, hezi 50, na plagi ya miguu mitatu ya mraba kama yetu, kwa hiyo risiva ya huko unaichomeka moja kwa moja. Ya Uingereza pia ni hivyo.

Unapoijaribu risiva yoyote iliyotumika, usiridhike na taa kuwaka. Sekunde chache baada ya kuwasha utasikia mlio mdogo wa swichi ya ndani inayounganisha spika. Usiposikia, au ikizima na kuwaka, iache. Jaribu kila tundu la HDMI (la waya unaobeba picha na sauti), moja baada ya jingine, kwa kuwa matundu hayo ndiyo huharibika kwanza umeme unaporudi kwa kishindo. Jaribu kila chaneli ya spika. Zungusha kitufe cha sauti usikilize kama kinakwaruza. Iache ipige kwa nusu saa. Joto ni la kawaida, harufu si ya kawaida. Kwenye spika zilizotumika, tazama mpira unaozunguka koni: ule wa sponji hupukutika kwa miaka, na unyevu wa pwani hauusaidii, wakati ule wa mpira halisi hudumu. Bonyeza koni taratibu kwa vidole viwili. Ikikwaruza ndani, koili imepinda au imeungua.

SWALI: Nimepata risiva nzuri ya mwaka 2010, lakini televisheni yangu ni mpya, ya 4K. Muuzaji wa risiva mpya anasema hiyo ya zamani haifai kitu. Ni kweli?
Baba Neema, Nakuru

JIBU: Si kweli, Baba Neema. Risiva ya mwaka huo haiwezi kupitisha picha ya 4K, hilo ni sahihi, lakini hakuna ulazima wa picha kupita humo. Chomeka king'amuzi na vifaa vingine moja kwa moja kwenye televisheni, kisha urudishe sauti kwenye risiva. Tazama kama tundu la HDMI la kutolea picha kwenye risiva limeandikwa ARC, yaani linaweza kupokea sauti inayorudi kutoka kwenye televisheni. Utaratibu huo uliingia na HDMI 1.4 ya mwaka 2009, kwa hiyo risiva yako inaweza kuwa nao. Kama haina, tumia waya wa mwanga (optical), ambao hubeba sauti ya 5.1 ya Dolby Digital bila shida. Kwenye mipangilio ya sauti ya televisheni usichague PCM, kwa sababu ukiichagua, waya wa mwanga utapitisha chaneli mbili tu, na spika zako nyingine zitanyamaza. Utakosa Dolby Atmos, sauti inayosikika hata kutoka juu ya kichwa, iliyoanza kuingia majumbani mwaka 2014, na kwa mtu mwenye spika mbili, tatu au tano hiyo si hasara ya kumkosesha usingizi. Nguvu na ubora wa amplifaya ya mwaka 2010 havikupungua kwa sababu televisheni zimebadilika. Fedha ambayo ungempa huyo muuzaji iweke kwenye spika.

SWALI: Fundi anataka kuniuzia waya maalumu wa spika kwa bei ya kutisha. Pia anasema anaweza kuunganisha spika nne kwenye matundu ya spika mbili ili nyumba nzima isikie. Nikubali?
Msomaji, Arusha

JIBU: Yote mawili kataa. Waya wa shaba wa nyuzi mbili wa milimita za mraba 1.5, unaouzwa kwa meta kwenye maduka ya vifaa vya umeme, unatosha. Kwa umbali wa meta 10, kwenda na kurudi, ukinzani wake ni takriban robo ya omu, na spika ya omu 8 haiusikii. Ukwangue kwa kisu kabla ya kulipa: ndani ukionekana mweupe kama sufuria, ni aluminiamu iliyopakwa shaba, ambayo hupitisha umeme kwa udhaifu zaidi na hukatika ukiukunja mara kwa mara. Hakikisha waya wenye alama unaingia kwenye tundu jekundu pande zote mbili, kwenye risiva na kwenye spika. Ukiugeuza kwenye spika moja, besi itapotea nawe utadhani umeuziwa spika mbovu.

Spika mbili za omu 8 zikiunganishwa sambamba kwenye tundu moja huwa mzigo wa omu 4, na risiva nyingi za bei nafuu zimeandikwa nyuma kwamba zinataka omu 6 au zaidi. Itapata joto, itajizima, na mwisho itaungua. Ukitaka sauti jikoni, tafuta risiva yenye matundu yaliyoandikwa A na B, usome maelezo yake kuhusu kuyatumia yote kwa pamoja, au weka jikoni redio yake yenyewe.